Tasnifu imepita, jarida halijajibu, na mimi nazuiliwa kuhitimu

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Tasnifu yangu ya uzamili katika isimu, yaani taaluma ya lugha, imesomwa na watahini wa ndani na wa nje, nimeitetea mbele ya jopo, na marekebisho yote yametiwa saini. Hata hivyo jina langu limeondolewa tena katika orodha ya mahafali, kwa sababu moja tu: jarida nililolipelekea makala bado halijatoa jibu.

Sharti lenyewe mnalijua. Viwango vya 2014 vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya vilimtaka mwanafunzi wa uzamili awe na makala moja, na wa uzamivu makala mbili, katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Sina ugomvi na uchapishaji, kwa kuwa mtafiti aliyekaribishwa na watu wakampa lugha yao anadaiwa kuyatoa hadharani aliyoyapata. Ninachokipinga ni chuo kuchukua jambo lililo mikononi mwa mhariri asiyekuwa mwajiriwa wake, kisha kulifanya kipimo cha kufuzu kwangu.

Nilitafiti Kivumba, lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa Vanga na kisiwa cha Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya. Kitabu cha H. E. Lambert kuhusu lahaja hiyo kilitoka 1957, na hadi leo hatuwezi kuandika bila kukitaja, jambo ambalo peke yake linaonyesha jinsi data mpya inavyohitajika. Kabla ya kurekodi chochote ni lazima upate kibali cha utafiti kwa mujibu wa sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya 2013, kisha ujitambulishe kwa maafisa wa kaunti, ndipo uwafikie wazee na kuwaomba ridhaa. Kazi nzito huja baada ya hapo, kwenye unukuzi, yaani kuyaandika yaliyorekodiwa, ambapo mazungumzo ya saa moja yanaweza kukushika kwa siku nyingi, maana unasikiliza kipande kilekile tena na tena ili ujue kama kiambishi cha njeo, kile kinachoonyesha wakati wa tendo, kimetamkwa au kimemezwa, halafu unaigawa kila sentensi mofimu kwa mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana, na kuandika maana chini yake. Watahini waliiona kazi hiyo, wakaihoji, wakaipitisha. Ni nani basi aliyebaki kuthibitisha kwamba ninaijua isimu?

Majarida yanayopokea makala za isimu kwa Kiswahili ni machache. Yapo Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha ya Dar es Salaam, ipo Swahili Forum ya Ujerumani, na mengine kadhaa, nayo yanapokea maandiko kutoka Afrika Mashariki yote na ng'ambo. Siwalaumu wahariri, kwani wengi ni walimu wanaofanya uhariri juu ya mzigo wa kufundisha na kusimamia. Lakini chuo kinajua hayo yote, na bado kinanitaka nilete makala iliyokwisha kuchapwa. Barua ya kuthibitisha kwamba makala yangu imepokelewa na inapitiwa haikubaliwi.

Matokeo yake tunayaona. Kila wiki ninaletewa barua pepe za majarida yanayoahidi kuchapisha haraka kwa malipo ya dola, majarida ambayo toleo moja lina uhandisi, uuguzi na fonolojia, yaani taaluma ya mifumo ya sauti za lugha. Baadhi ya wenzangu walilipa na wamekwisha kuvaa joho. Aliyekataa kulipa na kusubiri wahakiki wa kweli ndiye anayeadhibiwa, na hilo linaniuma kuliko kucheleweshwa kwenyewe, kwa sababu sharti lililowekwa ili kulinda ubora sasa linawatajirisha wanaouharibu.

Ninachodai si msamaha. Kwa shahada ya uzamili, uthibitisho wa kuwasilisha makala katika jarida linalotambuliwa utoshe, na idara iwe na mfululizo wake wa makala za utafiti unaopitiwa na wataalamu wa nje, ili data ya lahaja zetu isilale kwenye kabati za maktaba. Wakati hayo yanajadiliwa, chuo kiache kunitoza karo ya kuendelea kusajiliwa kila muhula kwa kazi ambayo jopo lake lenyewe limekwisha kuipitisha.