Naomba ushauri: faili za diski ya zamani zinanikatalia

Wakuu, habari za jioni. Laptop yangu ya zamani imeungua, haiwaki tena. Nimetoa diski na kuichomeka kwa kebo ya USB kwenye mashine mpya ya Windows 10. Inasoma vizuri, ila nikigusa folda yangu ndani ya Users naambiwa "Access is denied". Picha za harusi ya dada ziko humo, na mama ameshaziulizia mara tatu.

Nilivyoelewa, Windows haiangalii jina, inaangalia namba ya utambulisho ya akaunti, SID. Kwa hiyo hata nikitumia jina na nywila zilezile, mimi ni mgeni tu. Nikafungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kama administreta, nikapiga takeown /f E:\Users /r ili niwe mmiliki wa faili, kisha icacls kujipa ruhusa. Folda nyingi zikafunguka.

Tatizo ni faili kama arobaini zenye alama ya kufuli kidogo. Mmiliki ni mimi sasa, bado zinagoma. Nahisi niliwahi kuzifunga kwa EFS, usimbaji wa faili wa Windows wenyewe, ujana huo! Cheti chake, chenye ufunguo wa kuzifungua, sikukihifadhi pembeni, lakini nywila ya zamani naikumbuka. Je, cheti kinaweza kutolewa ndani ya AppData (folda iliyofichwa ya data za programu) ya diski hiyohiyo? Aliyewahi kufanikiwa anielekeze. Diski sijaifomati, na sitaki kusikia habari hizo.