Kuchaji Nissan Leaf nyumbani, soketi ya kawaida inatosha?

Wakuu habari, nimeagiza Leaf ya kilowati-saa 40 kutoka Japani, naishi Dar, umeme wa fezi moja, wa kulipia kabla (LUKU). Naweza kuchomeka tu kwenye soketi ya ukutani au lazima nifunge chaja kabisa? Fundi wangu anasema hamna shida ila simuamini sana 😅

Jibu 1:
Soketi ya 13A mkuu inachaji lakini haikupendi. Pasi unaitumia dakika kumi, gari linavuta usiku kucha, plagi inachemka mpaka inayeyuka. Na ekstensheni USITHUBUTU. Mwambie fundi avute laini ya peke yake toka meinswichi, waya wa milimita 6 za mraba, breka yake, na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Kikubwa kuliko vyote ethi (waya na rodi ya kupeleka umeme uliovuja ardhini), apime, maana nyumba nyingi mtaani ile rodi ipo kama pambo tu.

Jibu 2:
Naongezea, angalia plagi ya gari kabla hujanunua chaja, Leaf za Japani ni Type 1, ukinunua ya Type 2 ya Ulaya haiingii. Na zipo zinazopokea kilowati 3 tu, hapo chaja ya 7 unalipia bure.

Muuliza:
Asante wakuu. LUKU je?

Jibu 1:
Kama uko D1 (ile bei nafuu ya wanaotumia umeme kidogo nyumbani), sahau hiyo nafuu, ukipita uniti 75 kwa mwezi bei inapanda. Hata hivyo petroli hutaikumbuka.