Kibanda cha uani nacho kitakiwe kibali?

Mkaazi wa Jang'ombe: Wenzangu, nna suali. Nataka kupiga kibanda uani kwangu hapa Zanzibar mjini, futi nane kwa kumi, boriti na bati, niweke baiskeli, mkaa na majembe. Jirani kanambia nianze kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, kisha manispaa, na ramani juu. Ramani ya kibanda cha mkaa! Uwanja wangu, karatasi ninazo. Kibali cha nini?

Fundi: Mie ndio naitwa kupiga hivyo vibanda, ndugu yangu. Huku Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, vingi vinawekwa juu ya karo, lile shimo la maji machafu ya choo, maana ndipo palipobaki nafasi. Karo likijaa, gari la kunyonya halina pa kupitishia mpira, uchafu unatafuta njia kwa jirani. Na paa je? Mtu analiinamishia upande wa mwenzake ili uani kwake pasitote. Masika ikiingia, maji yanapiga ukuta wa watu usiku kucha, plasta inabanduka kuanzia chini, na kwa sheha mnafika vile vile, ila mshatukanana. Bora aitwe kabla hata shimo la nguzo halijachimbwa. Hiyo ramani lakini, nakuunga mkono. Kibanda cha bati kukitakia ramani ni kumpa mtu sababu ya kuomba chai.

Wa Mji Mkongwe: Afadhali nyie. Mji wetu umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000, mtu haongezi kitu uani bila ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Tunanung'unika, ila nyumba ni za mawe na chokaa na zimeegemeana. Ukichimbia boriti ukutani kwako, anayelala upande wa pili ndiye anayeona ufa.

Mpemba wa Wete: Huku kwetu banda la mbuzi linasimama baina ya alasiri na magharibi, na jirani anakuja kushika nyundo. Msitutungie sheria ya uchochoroni sisi wa makondeni.

Bi Mkubwa: Na hiyo "uwanja wangu", mwanangu, punguza. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na sheria ya 1992 inakupa haki ya kuitumia tu. Kuulizwa unajenga nini si uonevu. Uonevu ni kuzungushwa mwezi mzima kwa bati chache.

Mkaazi wa Jang'ombe: Haya, Bi Mkubwa. Karo langu liko mbele, njiani, na paa nitaliinamishia kwangu. Sheha nitamwita aje aone kwa macho yake. Ramani sichori.

Fundi: Na mfereji wa maji ya paa utautoa wapi?