Naomba ushauri: mbao za dawa kwa banda la kuku, Dodoma

Habari zenu wakuu. Niko Nala, nafuga kuku wa kienyeji 60. Banda la kwanza nilijenga kwa mbao za paini zisizo na dawa. Mwaka haukuisha, mchwa wakala nguzo kuanzia chini. Nilibonyeza moja kwa kidole kikazama, ndani umebaki udongo mtupu.

Sasa najenga upya. Fundi anasisitiza mbao za dawa, zile za kijani zinazotoka Mafinga. Hofu yangu ni dawa yenyewe. Kuna inayochanganywa shaba, kromi na aseniki, na aseniki ni sumu. Marekani waliacha kuiweka kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Kuku wanadonoa kila kitu, na mayai yale wanakula wanangu. Nilimuuliza muuzaji ni dawa gani, akajibu tu "ya mchwa". Akaniongezea na gunia la maranda ya mbao hizohizo nitandike bandani. Nimeyakataa.

Oili chafu nayo siitaki, inachafua udongo wanaoparua.

Nafikiria nguzo za dawa zisimame juu ya zege, halafu vichanja na viota nitumie mbao tupu, mahali kuku wanapolala na kutagia. Je, inatosha? Kuna aliyepata hapa Dodoma mbao zenye dawa isiyo na aseniki, na alizitambuaje? Au nijikaze ninunue mninga kwa nguzo tu? Msimu wa mvua unakaribia, vifaranga wako jikoni kwangu.