Mteja kaosha kutu yangu kwa sabuni ya unga, sasa hataki kumalizia hela!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira na nitaandika nazo hivyo hivyo.

Kwa wasionijua: natengeneza vibanda vya mtaani kwa kipimo kidogo. Genge, kibanda cha fundi viatu, kijiwe cha kahawa, nguzo ya umeme na waya zake zilivyojisokota ovyo, vyote vimepunguzwa mara 24. Nusu inchi ni futi moja. Hakuna boksi la vipande vilivyokatwa tayari ambalo nalifungua nikabandika. Wanaounda vifaru na reli za kuchezea huko Ulaya wana maduka yao, sisi wa genge la Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, tunaanza na kadibodi na wembe.

Sasa kuna sehemu moja ya kulaza wageni hapa Tanga mjini, siitaji jina. Mwenyewe aliona picha za kazi zangu akanitafuta. Anataka kona moja ya Ngamiani, ya mapokezi, wageni waione wakiingia. Akasema kwa mdomo wake, na baadaye kwa meseji: "iwe halisi kabisa". Akatoa nusu ya malipo. Nikabeba tepu nikaenda kupima genge lenyewe mpaka mwenye genge akadhani nimetumwa na halmashauri kuja kumbomolea.

Mlango wa mita 2 kwangu unakuwa sentimita 8 na ushei. Bloku la inchi 18 linakuwa milimita 19. Bati la mawimbi, kutoka mgongo hadi mgongo ni milimita 76, kwa hiyo kwangu ni milimita 3 na kidogo. Nimegundisha vijiti vya meno juu ya ubao kwa nafasi hiyo, nikakata vile vibakuli vya foili vya kubebea chakula, nikasugua kwa kalamu iliyoisha wino, karatasi moja baada ya nyingine. Ukikosea nafasi, bati linakuwa kama la banda la jitu. Jicho linakataa hata kama mtazamaji hajui kwa nini.

Nguzo na papi za kibanda nimechonga kwenye ule mti wa ua la mkonge uliokauka. Wenzetu wananunua mbao za balsa kwa bei ya nyama, sisi tuna mkonge tangu Wajerumani waulete 1893, na mti wake mkavu ni mwepesi, wembe unapita bila ugomvi. Lakini ukiwa mpya unang'aa, na mbao ya genge haing'ai jamani. Kwa hiyo unapaka chai ya rangi, nzito, bila sukari. Ikikauka unapaka siki uliyolowekea stili waya. Chuma cha kwenye siki kikikutana na chai, mbao inageuka kijivu cha uzee mbele ya macho yako. Bati nalo: rangi ya kutu kwanza, nikalowesha, nikanyunyiza chumvi, nikapuliza rangi ya bluu juu yake, ikakauka nikakwangua chumvi. Pale ilipokuwa chumvi, bluu imebanduka na kutu inachungulia. Hiyo ndiyo kazi, wakuu. Kukata kadibodi hata mtoto wa darasa la 3 anakata. Uchafu ndio unaonikesha.

Nimepeleka. Siku ya kwanza jamaa anatabasamu, anapiga picha. Halafu meseji zikaanza. "Mbona bati limeoza?" "Huwezi kupaka jipya?" "Machungwa mbona mabichi?"

Machungwa! Mtu amezaliwa Tanga hii hii, machungwa ya Muheza anakula kila msimu, leo ananiuliza kwa nini ni ya kijani. Yale ni punje za mtama, nimepanga mafungu mafungu kwenye meza, nikapaka kijani chenye manjano kwa mbali, kama lilivyo chungwa la kwetu hata likiwa limeiva linadondosha maji. Yeye anataka rangi ya chungwa la kwenye boksi la juisi.

Nikamweleza kwa adabu. Kimya. Nikajua yameisha.

Nimepita pale kudai salio langu. Kibanda kimeoshwa! Kimesuguliwa kwa kitambaa na sabuni ya unga, eti kijana wa usafi aliambiwa "kile kitu kimechafuka". Gundi ni ile nyeupe, maji yakiingia inalainika. Kadibodi imevimba, ukuta umetoa tumbo, kutu yote imeondoka na bluu yake. Kijana simlaumu, katumwa.

Haikuishia hapo. Barabarani wameweka vigari vya kuchezea, vile vya dukani vya urefu wa sentimita 7. Piga hesabu: 7 mara 24 ni sentimita 168. Gari la mita moja na nusu na ushei! Baiskeli niliyoiegemeza ukutani, na baiskeli ndiyo Tanga yenyewe, ni ndefu kuliko gari. Dereva wa gari lile atoe kichwa dirishani au miguu? Na juu ya baraza wamekalisha mdoli wa plastiki ambaye akisimama anachungulia juu ya paa.

Sasa kauli ya bosi: salio hatoi mpaka "nirekebishe", kwa sababu kazi "imeharibika haraka". Imeharibika au mmeifua?

Kuna jamaa ameniambia sina changu kwa sababu hatukuandikiana mkataba. Meseji zote ninazo, pamoja na ile ya "iwe halisi kabisa", na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ujumbe wa simu kama ushahidi. Mahakama ya mwanzo siiogopi. Ila kwanza nampa hadi mwisho wa mwezi alipe salio, na kukarabati ni bei nyingine, tena vile vigari aviondoe yeye mwenyewe.

Wale wa "si maboksi tu hayo, unadai hela gani" pita kimya, leo sipo sawa.

Mwenye kujua gundi inayostahimili maji na haivimbishi kadibodi, inayopatikana hapa hapa Tanga bila kuagiza Dar, aniandikie. Na vanishi isiyong'aa pia, nimezunguka maduka ya rangi yote wananiletea ya kung'aa.