Naomba ushauri: kuoanisha nyenzo za vyuo vikuu na mtaala wetu

Assalaam alaykum walimu wetu. Nasomea ualimu wa msingi hapa Lamu, na karibuni naingia mazoezi ya kufundisha Sayansi.

Nyenzo zilizonifaa zaidi ni za TESSA, mradi wa nyenzo za bure za mafunzo ya walimu Afrika unaoratibiwa na Open University ya Uingereza: kila sehemu ina mifano ya walimu na shughuli za darasani, nyingine kwa Kiswahili. Majaribio ya sayansi ya kuigiza ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder hufunguka kwenye kompyuta bila intaneti ukishapakua faili la HTML; lile la saketi za umeme ni hazina kwa shule isiyo na maabara. MIT OpenCourseWare (kozi za bure za chuo kikuu cha MIT, Marekani) nimeiweka kando, kiwango chake ni cha juu mno na video zinamaliza bando.

Kinachonikwamisha ni kuoanisha. TESSA imepangwa kwa moduli, mtaala wa KICD (taasisi ya kukuza mitaala Kenya) kwa mada ndogo na matokeo yanayotarajiwa, kwa hiyo shughuli moja ya TESSA hugusa mada ndogo kadhaa na muda wa kipindi hautoshi.

Je, mnaanza na mada ndogo ndipo mtafute shughuli, au mnaikata shughuli vipande? Na kuna aliyewasilisha kwa TSC (tume ya walimu) hati ya ushiriki ya bure ya OpenLearn, tovuti ya kozi za bure za Open University, ikakubaliwa?