Shule inapandisha picha na majina ya watoto mtandaoni. Nikikataa, mwanangu atatengwa?

MamaNuru_Tabata
Habari zenu wazazi wenzangu. Binti yangu yuko darasa la pili, shule binafsi hapa Dar. Walipofunga shule, ukurasa wao wa Facebook, ambao uko wazi kwa yeyote, ulipandisha picha za waliofanya vizuri. Wangu ameshika cheti kifuani. Ukiikuza picha unasoma kila kitu: majina matatu, darasa, mkondo, mpaka tarehe ya kuzaliwa. Nembo ya shule iko kwenye sweta. Picha inayofuata watoto wanapanda basi, na ubavuni pameandikwa njia linakopita.

Cheti kimenifurahisha sana. Lakini juzi dada anayempokea kituoni kaniambia kuna mwanaume alimwita mtoto kwa majina yake mawili, akampongeza kwa kuwa wa tatu. Nuru hamjui. Mimi simjui, baba yake hamjui. Huenda ni mzazi mwenzetu mwenye nia njema. Ila mtoto wa miaka saba akiitwa jina na mtu anayejua hata alichopata shuleni, kwake huyo tayari ni mtu wa nyumbani. Hapo ndipo usingizi unaponiruka.

Nilimpigia mwalimu wa darasa, akasema nilisaini kwenye fomu ya kujiunga. Kweli upo mstari mmoja, chini kabisa, baada ya masharti ya ada. Je, ruhusa hiyo naweza kuiondoa sasa? Na nifanyeje ili siku ya picha mwanangu asiwekwe pembeni peke yake?

BabaPacha
Dada, shule binafsi zinaishi kwa matangazo. Pacha wangu wametoka mara nyingi na hakuna baya lililotokea. Tusiwatie walimu hofu bure.

Mwl_Kihonda
Baba Pacha, mimi ndiye ninayesimamia ukurasa wa shule yetu, Morogoro. Matangazo yanawezekana bila kumtaja mtoto. Tunapiga picha watoto wakiwa wameinamia madaftari, au mikono yao tu ikifinyanga udongo, au darasa zima kwa mbali. Jina na sura havikai pamoja. Vyeti vinageuzwa. Basi la shule hatulipigi picha kabisa, na picha za safari ya Mikumi zinapanda watoto wakishafika kwao.

Mama Nuru, kuhusu kutengwa: orodha ya wasiotakiwa kutokea mtandaoni iko kwangu na kwa walimu wa darasa tu. Siku ya picha wote wanapiga, kwa sababu picha ya darasa ni kumbukumbu yao. Kazi ya kuchagua ipi iende mtandaoni ni yangu, baadaye, mezani. Mtoto hajui hata kama jina lake limo kwenye orodha.

WakiliMvita
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Nyinyi Tanzania mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za watoto imezihesabu kuwa nyeti, zinazohitaji idhini ya maandishi, na idhini hiyo huondolewa wakati wowote bila kutoa sababu wala kulipia. Kwa hiyo saini yako haikufungi. Usipige simu tena, andika barua. Taja kila picha na tarehe yake, omba ziondolewe, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kabla ya hapo, hifadhi picha za skrini. Wakigoma, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko.

BiZuhura
Mwanangu, habari ya huyo mwanaume isingoje barua. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kilicho karibu, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Na mpeni Nuru neno la siri la nyumbani. Wajukuu zangu wanalo: mtu akisema katumwa na mama, wanamuuliza neno. Hana? Wanarudi kwa kondakta wa basi mbio.

MamaNuru_Tabata
Shikamoo Bi Zuhura, kesho asubuhi naanzia Dawatini. Barua naiandika usiku huu. Mwalimu, fomu yenu mmeiandikaje? Nataka niwapelekee na mfano.

Mwl_Kihonda
Ni karatasi ya peke yake, haichanganywi na ada. Ina visanduku vitatu: albamu ya darasa, ukurasa wa mtandaoni, mabango na vipeperushi. Mzazi anaweka tiki anapotaka na kuacha asipotaka, na kila Januari tunaanza upya. Nakutumia faragha sasa hivi.